Nati Ishirini: Mbeya hadi Kibaha na Kurudi

Jumatano: Mbeya – Iringa

Sisi wa kikundi chetu cha magari tulikubaliana kuondoka Mbeya saa kumi na moja alfajiri pale Kabwe, kwenda kutembelea kiwanda cha malori Kibaha. Saa kumi na mbili na nusu ndipo gari la tano likatokea, Altezza ya kijana wetu, muziki umefunguliwa mpaka vioo vinatetemeka. Mwenyekiti akamtazama, akatazama saa, akasema tu, "Haya, tuombe tuondoke."

Langu nililiwasha kwa kupiga hendeli, maana betri yangu na baridi ya Julai ya Mbeya haviivi chungu kimoja. Ni Land Rover 109 ya mwaka 1978, injini ya petroli ya lita mbili na robo, urithi wa marehemu baba. Mbele yangu kulikuwa na Land Cruiser mkonga ya Mwenyekiti, kisha Peugeot 504 pikapu ya Mwalimu, ambaye hawezi kumaliza dakika kumi bila kukukumbusha kwamba 504 ilishinda Safari Rally mwaka 1975 na tena mwaka 1978. Dada nesi alikuja na Volkswagen yake ya kobe, rangi ya maziwa. Altezza inajulikana.

Pembeni yangu alikaa Mzee. Hana gari siku hizi, lakini ndiye mwenye kikundi, tuseme ukweli. Alianza utingo mwaka 1972 akiwa na miaka 17, akaendesha malori barabara hii hii hadi macho yalipomkataa. Barua ya kuomba kutembelea kiwanda cha kuunganisha malori Kibaha aliiandika yeye, kwa mkono, na nakala akaitunza. Kila siku tunapishana na malori mapya ya IT, yale yanayopita tu nchini, yakielekea Tunduma, Zambia na Kongo, viti bado vina nailoni, na hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kuona lori likiwa bado halijawa lori. Hiyo ndiyo ilikuwa hoja yake.

Tulipita Uyole, tukashuka Mlima Nyoka taratibu kwa gia ya pili. Inyala, pale panapoitwa Pipeline, Mzee akaanza darasa. Mwaka 1965 Ian Smith, waziri mkuu wa Rhodesia (Zimbabwe ya leo), alipojitangazia uhuru wake kule, njia ya mafuta ya Zambia ikaingia mashakani, na mafuta yakaanza kupita huku kwetu, kwa mapipa juu ya malori, barabara ikiwa bado vumbi kiangazi na matope masika. Lori likinasa, lililo nyuma linanasa, na la nyuma yake linanasa. Waliomfundisha kazi Mzee ndio waliopita humo. Bomba la mafuta la TAZAMA, la kutoka Tanzania hadi Zambia, likakamilika mwaka 1968, lami ikafuata, Wachina wakajenga reli ya kilomita 1,860 kati ya 1970 na 1975. "Mimi nilikuta lami," alisema, kwa sauti ya mtu anayekiri kosa.

Igurusi, Chimala, mpunga wa Usangu kushoto. Trafiki wenye tochi za kupimia mwendo walituona, wakatupungia mkono. Kwa mwendo wa Land Rover yangu, tochi si adui.

Karibu na Igawa nikaanza kusikia mlio. Tik, tik, tik, halafu kimya, halafu tena. Nikasema moyoni ni spana imelegea kwenye boksi. Mzee akazima redio.

"Simama, mwanangu."

"Mzee, nadhani ni vyombo tu huko nyuma..."

"Simama."

Gurudumu la nyuma kushoto. Nati tano, moja haipo kabisa, mbili nilizizungusha kwa vidole kama kifuniko cha soda. Matundu ya ringi yalikuwa yameanza kung'aa kwa kusuguliwa na bolti. Nilikaa chini kwenye majani. Kilomita chache mbele, kwenye kona yoyote, gurudumu lingetutangulia.

Mzee hakunigombeza. Alipiga jeki, akavua gurudumu, akapitisha kucha pale nati inapokalia. Rangi ikabanduka kipande kizima, imekunjamana kama gamba la samaki.

"Umepaka lini?"

"Wiki iliyopita. Kwa ajili ya safari."

"Mikono mingapi?"

"Mitatu."

Akacheka, na kicheko kile kiliniuma kuliko matusi. Nati inatakiwa ikae chuma kwa chuma. Ukiweka rangi katikati, unakaza rangi. Ringi ikipata moto na mtikisiko, rangi inasagika na kunywea, na ule mkazo wote unapotea bila nati yenyewe kuzunguka hata kidogo. Ikishalegea hapo ndipo inaanza kuzunguka. Na upande wa kushoto ndio mbaya zaidi, kwa sababu gari likienda mbele gurudumu la huko linazunguka kuelekea upande wa kufungulia. Ndiyo maana Fuso za zamani nati za kushoto zilikuwa na uzi wa kinyume. Utingo mgeni alikuwa akizikaza akidhani anafungua, hadi bolti inakatika.

Akakwangua kwa kisu matundu yote matano, tukafunga nati nne. "Ringi zote," alisema. "Leo. Kwanguani hadi mwione chuma."

Makambako, upepo wake ule ule, tulizunguka maduka ya spea kutafuta nati moja. Muuzaji wa kwanza akatoa ya Toyota, haikuingia. Wa pili akatoa ya Toyota nyingine. Uzi wa Land Rover hii ni wa inchi, wa Kiingereza; nati ya milimita inashika nusu mzunguko halafu inagoma. Tukaendelea na nne, tukisimama kila nusu saa kuzikagua. Misitu ya Sao Hill, Mafinga, magogo na mbao, kisha zile kilomita 80 hivi za mwisho ambazo jua lilituzamia njiani. Ipogolo, mlima, Iringa mjini. "Kamwene!" mlinzi wa nyumba ya wageni akatusalimu, meno yakigongana kwa baridi.

Usiku ule nilikwangua ringi tatu zilizobaki kwa tochi ya simu. Nikajiona nimemaliza.

Alhamisi: Iringa – Morogoro

Asubuhi Mwalimu alitaka tupande jiwe la Gangilonga tupige picha. Mzee alitaka nati. Tukaenda kutafuta nati.

Fundi mmoja wa makamo, nyuma ya soko, alituambia anayo Land Rover. Alikuwa nayo kweli: bila injini, bila milango, imekaa juu ya matofali, kuku wanataga kwenye kiti cha dereva. Bodi yake bado nzima. Land Rover ilitoka mara ya kwanza mwaka 1948, Uingereza baada ya vita, chuma kikiwa adimu, wakatengeneza bodi kwa aluminiamu. Ndiyo maana bodi haili kutu, ila chesisi iliyo chini yake inaliwa kimyakimya. Hii chesisi ilikuwa imekatika mara mbili, na bodi unaweza kuiosha ukaenda nayo harusini.

Nati ilikuwa na kutu nyekundu. Tukailoweka mafuta ya taa, ikafunguka. Bei? Fundi alikataa hela. Alitaka Mzee amwambie zile Fiat zilizokuwa zikienda Zambia zilikuwa na gia ngapi. Wakaongea dakika arobaini.

Ilula tulinunua nyanya bila sababu yoyote. Halafu mteremko wa Kitonga.

Kila mtu wa nyanda za juu ana hadithi ya Kitonga, kwa hiyo yangu nitaifupisha. Unashuka ukiwa na jabali upande mmoja na bonde upande mwingine, malori ya kupanda yanakuja kama kinyonga, utingo anatembea pembeni na kigingi mkononi tayari kukitupa nyuma ya tairi. Malori ya kushuka yanaacha harufu ya breki zilizoungua. Mzee alinikataza kugusa breki isipokuwa kwa kugonga na kuachia. Gia ya pili, mguu pembeni, injini ndiyo ishike. Nyuma yetu kijana wa Altezza, ambaye gari lake ni otomatiki na aliliacha kwenye D, alifika Ruaha Mbuyuni breki zinafuka moshi. Dada nesi alimwonyesha kitu kwenye gia yake mwenyewe, alama ya L, ya gia ya chini, ambayo kwa miaka mitatu kijana hakuwahi kujua kazi yake.

Chini kule ni nchi nyingine kabisa: mibuyu, joto, vitunguu vimepangwa kwenye nyavu barabarani. Majaketi yakavuliwa. Mikumi tulipita mchana, kilomita 70 kwa saa kama sheria inavyotaka, twiga wawili, nyani wasiohesabika. Morogoro tulilala mapema.

Ijumaa: Kibaha

Simu tuliziacha getini. Tukapewa kofia ngumu za njano na vizibao vinavyong'aa; Mwalimu akakaa na kofia yake hadi chakula cha mchana. Magari yetu yaliegeshwa nje, na nilimwona mlinzi akiizunguka Volkswagen mara mbili, akachungulia nyuma, akashangaa kukuta injini.

Nilitegemea mashine zenye mikono, zile za kwenye televisheni. Hakuna. Kuna banda refu safi, winchi zinazotembea juu, watu wenye ovaroli na spana. Lori linakuja bandarini vipande vipande ndani ya makasha: chesisi, ekseli, injini, kabini, mabunda ya nyaya yamekunjwa kama nyoka waliolala. Kazi ya pale ni kuviunganisha.

Mwanzo wa mstari chesisi imelazwa chali. Hilo halikuwahi kunijia akilini. Springi na ekseli vinafungwa kutoka juu, mtu akiwa amesimama wima, siyo amelala chini akidondokewa na grisi machoni kama sisi. Vikishafungwa, winchi inaigeuza yote kwa pamoja, na banda zima linanyamaza kidogo inapogeuka. Kisha matangi ya upepo wa breki, mabomba, nyaya. Injini na giaboksi vinashuka vikiwa vimeshaungwa. Kabini inashuka ya mwisho mwisho, taratibu, watu wanne wanaielekeza kwa mikono, na ghafla kitu kilichokuwa chuma kinakuwa na uso. Mwenyekiti alipiga makofi. Wafanyakazi wakamtazama, naye akajifanya anafuta mikono.

Halafu tukafika kwenye magurudumu, na hapo mimi nikang'ang'ania hadi kundi likaniacha.

Dada mmoja, sidhani kama alikuwa amefika miaka 25, alikuwa anafunga gurudumu la nyuma. Nati kumi. Alizianza zote kwa mkono kwanza, kila moja mizunguko kadhaa, ili uzi usishike upande. Akapiga bunduki ya upepo, lakini kwa kuvusha: ya juu, ya chini, ya kushoto, ya kulia, hazifuatani. Nilidhani amemaliza. Akachukua spana ndefu kama mguu wangu, ile ya kupima mkazo ambayo mafundi wanaiita toki renchi, akarudia zote kumi. Kila moja ikitoa sauti moja kavu, *tak*, anaiacha. Karibu nyutoni mita 600, akaniambia. Land Rover yako zaidi kidogo ya 100 inatosha. Kisha akatoa kalamu ya rangi ya njano, akachora mstari mmoja mfupi, ukianzia kwenye nati na kuishia kwenye ringi. Nati kumi, mistari kumi.

"Huo mstari wa nini, dada?"

"Ukikatika katikati, nati imezunguka. Huhitaji spana kujua. Unaangalia tu."

Mzee alikuwa amesimama nyuma yangu, sikumsikia akija.

"Na mtu akichora mstari bila kukaza?"

Yule dada alicheka. "Shikamoo, babu. Ndiyo maana anakuja mwingine na spana yake. Wa pili anachora wa kijani."

Mzee akaitikia marahaba, akainama polepole, akaipitishia kidole ile mistari yote miwili, ya njano na ya kijani.

Mwisho wa banda lori linajazwa maji ya rejeta, oili na dizeli, linawashwa kwa mara ya kwanza. Hakuna sherehe, mtu anakaa, anapiga swichi, linaunguruma. Linapanda kwenye magurudumu ya kupimia breki, taa zinapimwa uelekeo, linaingizwa kwenye chumba cha mvua ya bandia kuona kama kabini inavuja. Kijana wa Altezza aliuliza kama na yeye anaweza kupitisha lake kwenye ile mvua.

Tukiwa kwenye chai, Mwalimu alitoa ile kauli ambayo nimeisikia sana: kwamba kuunganisha siyo kutengeneza, kwamba ni kufungua boksi la Wachina. Nilikuwa na mawazo hayo hayo wakati nakuja. Lakini mtu aliyekaza rangi akidhani anakaza nati hana mdomo wa kudharau kuunganisha. Mzee alimjibu vizuri zaidi. Kibaha hii hii ndiko kiwanda cha TAMCO kilikounganisha Scania, na moja aliiendesha miaka tisa. Nyumbu, kiwanda cha magari cha jeshi, nao wako hapa hapa, na waliwahi kutengeneza lori la Kitanzania. Jina la Tamco bado linaishi, watu wanashuka kwenye daladala wakilitaja. "Mimi sikuwahi kuuliza ile Scania ilifungwa wapi nati zake," alisema. "Miaka tisa. Nilijua tu hazifunguki."

Jioni tulirudi Morogoro. Nilitaka kalamu ile, na maduka yalikuwa yameshafungwa. Dada nesi akafungua mkoba wake, akanipa chupa ya rangi ya kucha. Nyekundu. Nati ishirini, mistari ishirini, kwenye maegesho ya nyumba ya wageni, mpishi ametoka jikoni kuangalia mwanaume anayepaka gari kucha.

Jumamosi: Morogoro – Iringa

Pancha. Na haikuchagua mahali: katikati ya hifadhi ya Mikumi, gurudumu la mbele kulia. Huruhusiwi kushuka kwenye gari mle, ila huruhusiwi pia kuota mizizi barabarani. Mwenyekiti akaegesha mkonga nyuma yetu taa zikiwaka, Mwalimu akasimama juu ya pikapu kulinda. Upande wa pili wa barabara, umbali wa mtupo wa jiwe mzuri, nyati wawili walikuwa wanatutazama kwa ule uso wao wa mtu anayekudai.

Sijawahi kubadilisha tairi kwa kasi ile. Spea juu ya boneti ikashuka, ikaingia, nati tano, wili spana, twende.

Ruaha Mbuyuni Mzee alikaza tena. Kitonga kupanda, rejeta za watatu zilichemka, yangu ikiwa ya kwanza. Tukapanga foleni pembeni, maboneti wazi, tukimwaga maji na kusubiri. Volkswagen haina maji wala rejeta, injini yake inapozwa na upepo. Dada nesi alitupita akipiga honi mara moja tu, kwa adabu. Tulimkuta Ilula anakula mahindi ya kuchoma.

Iringa, usiku, nikapaka mistari mitano mipya kwenye gurudumu lile la spea. Chupa ikaisha.

Jumapili: Iringa – Mbeya

Asubuhi ya ukungu. Mafinga tulisimama kununua mbao mbili za Mwenyekiti, Makambako tukala wali maharage, kila mtu ameshachoka na hadithi za mwenzake.

Igawa sikuambiwa nisimame. Nilisimama mwenyewe, pale pale, nikazunguka gari na Mzee akabaki amekaa, kichwa dirishani. Nyuma kushoto: mitano imenyooka, pamoja na ile nati yenye kutu kutoka kwa kuku wa Iringa. Nyuma kulia, imenyooka. Mbele kushoto, imenyooka.

Mbele kulia, minne imenyooka. Wa tano, nusu yake ya kwenye nati ilikuwa imesogea kutoka kwenye nusu ya ringi, upana wa punje ya mchele.

Nilisimama nikiutazama. Spea. Nilipopaka ringi kwa ajili ya safari nilipaka tano, mikono mitatu kila moja, na usiku ule wa baridi Iringa nilikwangua zilizokuwa chini ya gari tu. Ya juu ya boneti sikuikumbuka.

"Vipi?" Mzee akauliza kutoka ndani.

"Mmoja umesogea, Mzee. Lile la spea."

Akafungua mlango, akashuka kidogo kidogo, mkono kiunoni. Hakuja kuangalia. Alikwenda nyuma, nikamsikia akifungua boksi la vyombo, akarudi na jeki na kile kisu chake. Jeki akaiweka chini miguuni pangu. Kisu akanipa, mpini ukiwa upande wangu.